Mji ukikimbiwa na watu, kazi ianzie wapi?

Swali la msomaji: "Ninasoma mipango miji hapa Dar es Salaam, ila nimekulia Ngamiani, Tanga, na baba yangu alipunguzwa kazi kiwanda chao kilipofungwa. Darasani tumeonyeshwa picha za Detroit, Marekani, nyumba zimeachwa mtaa mzima, nyingine zinauzwa kwa bei ya simu. Mji mkubwa namna ile unaishiwaje watu? Na aliyekabidhiwa mji wa hivyo afanye nini hasa, maana kila ninachosoma kinaishia kwenye 'kuvutia wawekezaji'? Sisi huku yanatuhusu?"

Ndugu msomaji, umeuliza maswali matatu, na la katikati ndilo lenye kazi. Lakini tupitie kwanza hesabu, kwa sababu picha za Detroit zinaonyesha nusu tu ya mambo.

Sensa ya 1950 iliikuta Detroit na watu 1,849,568. Ya 2020 ikakuta 639,111. Ukiishia hapo utadhani watu walihama nchi. Sasa ichukue Detroit pamoja na miji inayoizunguka: kwa miaka hamsini jumla yake imekaa palepale, kwenye milioni nne na ushei. Waliohama wengi hawakwenda mbali. Walivuka mpaka wa manispaa, wakajenga upande wa pili, na kodi zao zikavuka nao. Mabomba, barabara, shule na madeni ya pensheni za wafanyakazi wa jiji vikabaki upande huu.

Kazi zilitangulia kuondoka kabla ya watu. Kati ya 1947 na 1963 Detroit, mji wa viwanda vya magari, ilipoteza ajira za viwandani zipatazo 134,000, yaani zilikuwa zimeshakwenda kabla ya ghasia za 1967 ambazo wengi huzitaja kuwa chanzo. Kiwanda cha kisasa cha magari kilitaka jengo la chini, refu, kwenye ardhi kubwa, na ardhi hiyo ilikuwa nje ya mji. Mashine zikachukua kazi za mikono. Serikali kuu nayo ikajenga barabara kuu za kutokea mjini na kudhamini mikopo ya nyumba za pembezoni, mikopo ambayo Wazungu walipewa na Wamarekani weusi wakanyimwa. Waliobaki wakawa wale waliozuiwa kuondoka, pamoja na wazee. Ukisikia mtu anasema mji ulikufa kwa sababu ya uvivu wa wakazi wake, mwonyeshe miaka hiyo.

Tuje kwenye kazi. Shida ya mji unaopungua ni kwamba watu hawaondoki kwa mpangilio. Wangeondoka mtaa mmoja wote, ungefunga koki kubwa, ungezima taa, ungehamisha gari la taka. Haiwi hivyo. Mji hupungua kama meno ya mzee: hili limetoka, la pembeni lipo, mawili yametoka, moja limebaki. Kwenye barabara yenye nyumba 200 zinabaki 20, na hizo 20 zimetawanyika mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo bomba linabaki lote, mkusanya taka anapita barabara yote, na anayelipia ni mmoja kati ya kumi.

Chukua bomba la maji tuone. Bomba la kipenyo cha milimita 300 lenye urefu wa kilomita moja linabeba mita za ujazo kama 70. Nyumba 200 zikitumia lita 500 kila moja kwa siku, hizo ni mita za ujazo 100, na maji yote ya bombani yanabadilika kabla siku haijaisha. Zikibaki nyumba 20, matumizi ni mita za ujazo 10. Maji yaleyale sasa yanakaa bombani siku saba. Klorini inakwisha njiani, na joto likiwa kali inakwisha upesi zaidi. Kutu na utando wa vijidudu hushika ukuta wa bomba, na bibi wa nyumba ya mwisho hupokea maji mekundu yenye harufu huku akilipa ankara kamili. Fundi atakwambia dawa ni kufungua bomba la zimamoto na kuyamwaga, na ni kweli, lakini hayo ni maji yaliyokwisha kusafishwa kwa gharama na yanaishia mtaroni. Dawa ya kudumu ni kupitisha bomba jembamba la plastiki ndani ya lile la zamani, au kukata kabisa kipande kisicho na watu. Flint, jirani ya Detroit, ilikuwa na watu karibu 197,000 mwaka 1960. Aprili 2014 ilipobadili chanzo na kuanza kuchota maji ya mto bila kuweka dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe, ilikuwa na watu kama 100,000 kwenye mabomba ya mji mara mbili yake. Madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia kwenye maji ya watoto. Kosa kubwa lilikuwa la dawa, ila mabomba yaliyozidi ukubwa yalifanya hali iwe mbaya zaidi.

Majitaka nayo yana shida yake: bomba la majitaka linataka mwendo wa kama sentimita 60 kwa sekunde ili libebe uchafu. Watumiaji wakipungua, maji hupita taratibu, uchafu unatua, bomba linaziba. Ndiyo maana wahandisi wa miji ya mashariki ya Ujerumani, ambao wamelazimika kulifanya jambo hili kwa wingi, hushika kanuni moja: ukibomoa, anzia mwisho wa mtandao uje ndani. Nyumba 30 zilizobomolewa kwenye ncha ya bomba zinakuruhusu kulifunga bomba. Nyumba 30 zilizobomolewa hapa na pale hazikuokolei hata mita moja.

Hapo utaona kwa nini "kuvutia wawekezaji" hakuwezi kuwa hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kujua nini kipo tupu na ni cha nani.

Detroit ililifanya hilo kwenye baridi ya 2013 kuamkia 2014. Timu zilipita viwanja karibu 380,000, kimoja kimoja, kila kimoja kikapigwa picha na kuandikiwa hali yake: kuna jengo au hakuna, kuna mtu au hakuna, paa likoje, kumeungua, kuna taka zilizotupwa. Ikaonekana viwanja zaidi ya 80,000 vimechakaa au viko njiani kuchakaa. Faida ya zoezi lile haikuwa namba kubwa. Ilikuwa ramani, kwa sababu ramani inakuonyesha mtaa wenye nyumba 40 ambao tatu tu ndizo tupu. Wanasiasa hupeleka fedha kulikooza kabisa, kwa kuwa ndiko kunakopigwa picha. Fedha hiyohiyo ikipelekwa kwenye mtaa wenye mapengo matatu inauokoa mtaa mzima. Ikipelekwa kwenye mtaa uliobaki na nyumba tatu inaondoa magofu tu.

Baada ya kuhesabu inakuja miliki, na hapa ndipo miji mingi hukwama. Mwenye nyumba amefariki, watoto wako mikoa minne tofauti, benki ilikamata nusu ya haki, kodi ya miaka kumi haijalipwa. Hakuna anayeweza kuuza, kukarabati wala kubomoa. Michigan, jimbo la Detroit, ilibadili sheria mwaka 1999: kodi ya jengo ikikaa bila kulipwa hadi mwaka wa tatu, wilaya inachukua mali kwa amri ya mahakama na miliki inatoka safi. Zamani madeni ya kodi yaliuzwa kwa walanguzi na jengo lilining'inia miaka na miaka huku likioza. Mali iliyochukuliwa hupelekwa mnadani, na isiyonunuliwa inaweza kuingia kwenye benki ya ardhi, chombo cha umma ambacho kazi yake ni kusafisha hati, kulinda, kubomoa au kuuza kwa masharti. Ya Detroit iliundwa 2008. Mpango wake mzuri kuliko yote ndio mdogo kuliko yote: ukiwa na nyumba na kodi yako iko sawa, kiwanja kitupu cha pembeni unauziwa kwa dola 100. Jirani anaweka uzio, anapanda mboga, anafyeka. Kiwanja kinapata mwenyewe, jiji linaacha kukifyeka kwa gharama yake.

Sheria hiyohiyo imeumiza watu pia, na ni haki ujue. Baada ya bei za nyumba kuanguka mwaka 2008, makadirio ya kodi ya Detroit hayakushushwa kwa wakati. Nyumba ya dola 20,000 iliendelea kutozwa kama ya dola 60,000. Maelfu ya wakazi waliokuwa na haki ya kupunguziwa kwa sababu ya kipato chao hawakujua pa kuombea, wakanyang'anywa. Nyumba zao zikapelekwa kwenye mnada wa mtandaoni, ambako duru ya pili ilianzia dola 500, zikanunuliwa na watu ambao hawajawahi kuukanyaga mji ule, nao wasilipe kodi, na baada ya miaka mitatu nyumba ikarudi mnadani ikiwa haina mabomba wala madirisha. Jiji likawa limetengeneza magofu kwa mkono wake. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza makadirio ya kodi yarekebishwe, pili wanaoishi ndani wapewe mkataba wa kulipa kidogokidogo, ndipo mali isiyo na mtu ichukuliwe. Ukigeuza mpangilio huo utawatoa haohao uliotaka wabaki.

Kubomoa kunaonekana rahisi kwa sababu watu huona tingatinga tu. Kabla ya tingatinga kuna kukagua asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kwenye vigae vya sakafu, mabomba na paa na kuitoa kwa utaratibu wake. Kukata umeme na gesi. Kukata maji kwenye bomba kuu, si kwenye mita, la sivyo maji yatavuja chini ya udongo miaka. Na kuziba majitaka. Baada ya tingatinga msingi unachimbuliwa wote, shimo linajazwa udongo safi, linashindiliwa kwa matabaka, juu unawekwa udongo wa rutuba na nyasi. Wizi hufanyika kwenye shimo. Mkandarasi akifukia kifusi au udongo wa chanzo kisichojulikana, hakuna atakayejua mpaka ardhi ibonyee au mtu apande mchicha kwenye udongo wenye madini ya risasi. Shimo lipigwe picha likiwa wazi, na cheti cha udongo kitoke kabla ya malipo. Kwa nyumba ya kawaida Detroit, kazi hiyo yote inafika dola 10,000 hadi 20,000 na zaidi, kwa hiyo nyumba inayoweza kukarabatika isibomolewe kwa pupa.

Leipzig, mji wa mashariki ya Ujerumani, ilikuwa na jawabu lake. Mwaka 1989 ilikuwa na watu kama 530,000. Kufikia 1998, viwanda vya enzi ya ukomunisti vikiwa vimefungwa, walikuwa hawafiki 440,000, na mwaka 2000 makazi kama 60,000 yalikuwa matupu. Kuanzia 2002 serikali ya Ujerumani ililipa ubomoaji wa maghorofa ya zege mashariki, kwa sharti kwamba mji uwe na mpango ulioandikwa wa wapi utabomoa na wapi utatunza. Bila mpango, hakuna fedha. Lakini nyumba za zamani za matofali, nzuri, zilizoachwa na wenyewe kwa kukosa fedha, zilipata njia nyingine. Mwaka 2004 wakazi waliunda chama cha kuziwekea walinzi. Mwenye nyumba anabaki mwenye nyumba. Kijana, fundi au msanii anapewa vyumba kwa miaka kama mitano bila kodi ya pango; analipa maji, umeme na mchango mdogo wa chama. Kabla hajaingia, paa linazibwa na njia kuu za maji na umeme zinawashwa, hizo zinafanywa na mwenye nyumba au kwa msaada. Mengine anafanya mwenyewe. Anafungua madirisha, anawasha moto wakati wa baridi mabomba yasipasuke, anaziba tundu likiwa la sentimita mbili badala ya kungoja dari lianguke.

Hili sisi tunalifahamu bila kufundishwa. Mtu mwenye pagale Kibaha au Chanika huweka kijana alale humo, maana anajua akiweka kufuli tu atakuta fremu za madirisha zimekwenda kwenye vyuma chakavu. Tofauti ni kwamba Leipzig waliandika mkataba: muda, nani analipa nini, nani anaondoka lini na kwa notisi ya siku ngapi. Kwetu bila karatasi, mlinzi wa miaka kumi huishia kudai kiwanja, na ndiyo sababu wenye majengo wanaogopa kuweka mtu.

Leipzig leo ina watu zaidi ya 600,000. Porsche na BMW walijenga viwanda pale, kweli, na ndege za mizigo zikahamia uwanja wake. Lakini zilikuta mji wenye nyumba nzuri za bei ndogo, chuo kikuu na tramu zinazofanya kazi. Kiwanda chake kikubwa cha kusokota pamba, kilichoanzishwa 1884 na kilichokuwa na mashamba ya pamba huku kwetu enzi za Mjerumani, hakikubomolewa. Kilikodishwa kwa kumbi na vyumba vidogo, mpangaji mmoja mmoja, na leo kimejaa karakana na wachoraji. Jengo kubwa la kiwanda halimpati mpangaji mmoja mkubwa wa mfano wa yule aliyeondoka. Linagawanywa: mita za umeme tofauti kwa kila chumba, njia mbili za kutokea moto ukiwaka, vyoo kila sakafu, na upangishaji uanze na sakafu ya chini.

Kinyume chake ni kukimbilia mwokozi mmoja. Mwaka 1981 Detroit ilibomoa mtaa wa Poletown, watu zaidi ya 4,000 wakahamishwa, ili kampuni ya magari ya General Motors ijenge kiwanda. Ajira 6,000 zilizoahidiwa hazikutimia kwa miaka mingi, na mwaka 2004 mahakama ya juu kabisa ya Michigan yenyewe ikatengua hoja ya kisheria iliyoruhusu jambo lile. Yubari, mji wa makaa ya mawe huko Japani, ulikuwa na watu zaidi ya 100,000 mwaka 1960. Migodi ilipofungwa ukakopa kujenga bustani za burudani na hoteli za watalii. Madeni yakaushinda mwaka 2006, na leo wakazi hawafiki 8,000. Youngstown, mji wa jimbo la Ohio, Marekani, ilichukua njia nyingine: iliamua mwaka 2005, kwa mpango ulioandikwa, kwamba itakuwa mji mdogo na itajipanga kwa udogo wake. Huo ulikuwa ujasiri. Ilichoshindwa ni kuwashawishi wachache waliobaki kwenye mitaa tupu wahame, kwa sababu nyumba ya mtu ndiyo mali yake yote na waliombwa waiache kwa ahadi ndogo. Anayehamishwa apewe nyumba iliyokarabatiwa kwa nyumba yake, na hati mkononi kabla hajafungasha.

Detroit yenyewe ilifilisika Julai 2013 ikiwa na deni la kama dola bilioni 18, wakati taa za barabarani kama asilimia 40 zilikuwa haziwaki. Haikurudisha taa zote. Iliweka mpya 65,000 za LED kufikia mwisho wa 2016, na nyaya zikawa za alumini badala ya shaba ili mwizi asipate cha kuuza. Makadirio ya 2023 yalionyesha watu wameongezeka kwa mara ya kwanza tangu 1957. Ongezeko lilikuwa dogo, chini ya watu 2,000, lakini mwelekeo uligeuka.

Yanatuhusu? Mwaka 1967 Tanga yenu ilikuwa mji wa pili Tanzania Bara baada ya Dar es Salaam, ikisimama kwa mkonge, reli, bandari na viwanda. Kamba za nailoni zilishusha bei ya mkonge, viwanda vikafungwa, na leo Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma zote zimeipita. Ila Tanga haikupungua watu, kwa kuwa nchi nzima inazaa na watu wanatoka vijijini. Kwetu kufa kwa viwanda hakuonekani kwenye sensa. Kunaonekana kwenye maghala yaliyofungwa na kazi zilizogeuka umachinga.

Dar es Salaam nayo haipungui: 4,364,541 mwaka 2012, 5,383,728 mwaka 2022. Lakini hiyo ni asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati nchi nzima ni 3.2, na Mkoa wa Pwani unaotuzunguka umetoka 1,098,668 hadi 2,024,947, zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Viwanda vya vigae na chuma vimekwenda Mkuranga na Kibaha, na wafanyakazi wamefuata viwanja. Mpaka unavukwa. Hakuna haja ya hofu, ila ni wakati wa kukubaliana na Pwani juu ya nani analipia mabomba na barabara za pamoja, tukiwa bado tunakua. Na kuna tundu moja la kuziba mapema: tangu 2021 kodi ya majengo tunakatwa kwenye LUKU, tunaponunua umeme. Nyumba yenye mtu inalipa. Jengo lililofungwa halinunui umeme, kwa hiyo deni linalala kwenye mita na halimsumbui mwenyewe, ilhali ndilo lililopaswa kusumbuliwa.

Kwa masomo yako, usianze na Detroit. Chukua mtaa mmoja wa eneo la viwanda vya zamani, Chang'ombe au Ubungo, uende kwa mtendaji wa mtaa na barua ya chuo. Chora jedwali lenye safu saba: namba ya kiwanja, aina ya miliki (hati, ofa, leseni ya makazi au hakuna), jina lililoandikwa kama bado ni la mtu aliye hai, matumizi ya sasa, hali ya paa, mita ya maji, mita ya umeme. Palipo na mirathi, andika kama msimamizi ameteuliwa na mahakama. Mita isome mara mbili, wiki mbili zikiwa zimepita katikati: namba isipobadilika, pita tena usiku uangalie kama kuna taa, maana ghala linaweza kuwa na mali na mlinzi bila kutumia tone la maji. Viwanja mia moja vya kwanza vitakuchukua kama siku sita za kazi ukiwa na mwenzako mmoja, bila kuhesabu wiki mbili za kungoja mita.